Vifaranga wa samaki wanakufa njiani? Anza na tumbo lao

Wadau mnaouza vifaranga wa samaki mtandaoni, wa kufuga au wa chambo hai kama kambale wadogo wanaovulia sangara Ziwa Victoria, mteja halipii mzoga. Siku moja kabla ya kutuma, usiwalishe kabisa. Samaki aliyeshiba anachafua maji, na mfuko ukishafungwa ule uchafu hauna pa kwenda, unageuka sumu. Mfuko nao usijaze maji, acha nafasi kubwa ya oksijeni.

Kingine, huku kwetu Mgeta maji ni baridi, Moro mjini ni joto. Mteja akipokea asimwage hapo hapo. Auache mfuko uelee bwawani robo saa kwanza. Mwandikie hilo kabla hajalipa, maana wengi hawaulizi.