Kutambua Minyoo katika Samaki wa Maji Baridi

Mlaji anapompasua samaki na kukuta mnyoo, mara nyingi humtupa samaki mzima, au humfumbia macho mnyoo huyo na kuendelea na mapishi. La kwanza humpotezea chakula. La pili laweza kumpotezea afya. Katika somo hili tunaeleza makundi matatu ya minyoo wanaoonekana kwa macho, na hatua zinazofaa kuchukuliwa.

Kundi la kwanza ni minyoo bapa. Miongoni mwao ni Clinostomum, ambao hukaa ndani ya vifuko vidogo vya manjano chini ya ngozi, katika matamvua au katika minofu ya sato, perege na kambale. Wengine hudhani vifuko hivyo ni usaha au mafuta. Minyoo hawa huanzia kwa konokono, humwingia samaki, kisha hukomaa ndani ya ndege wanaokula samaki, kama vile korongo.

Kundi la pili ni minyoo wa mviringo, kama Contracaecum. Hufanana na uzi uliojiviringa, nao hupatikana tumboni au kando ya moyo wa samaki.

Kundi la tatu ni tegu. Katika dagaa wa Ziwa Victoria hupatikana Ligula, mnyoo mweupe mfano wa utepe, ambaye huweza kulijaza tumbo la dagaa hata likavimba.

Kuwapo kwa mnyoo si dalili ya kuoza. Kuoza hutambuliwa kwa harufu mbaya, macho yaliyodidimia na matamvua yaliyopoteza wekundu. Hata hivyo, Clinostomum na baadhi ya minyoo wa mviringo huweza kumdhuru binadamu wakiliwa hai. Kwa hiyo tunashauri:

1. Samaki atolewe matumbo mapema, kwani baadhi ya minyoo wa mviringo huhamia minofuni samaki akishakufa.

2. Sehemu yenye vifuko ikatwe na kuondolewa. Vikiwa vimeenea minofuni, samaki huyo asiliwe.

3. Samaki apikwe mpaka joto la ndani ya nyama lifikie nyuzi 63 za Selsiasi. Nyama iliyoiva hubanduka mfupani kwa urahisi.

4. Limau, siki, chumvi kidogo na moshi wa muda mfupi visitegemewe, kwa kuwa haviui minyoo kwa uhakika.

Samaki aliyesafishwa na kuiva barabara hana hatari ya minyoo hawa, hata kama alikutwa na mmoja au wawili.