Kimelea Hai au Mfu? Hadubini ya Fluoresensi katika Kifua Kikuu

Mgonjwa wa kifua kikuu aliyemeza dawa kikamilifu kwa miezi 2 huenda makohozi yake yakaonyesha vimelea bado. Je, dawa zimeshindwa? Jibu hutegemea rangi iliyotumika maabarani.

Auramini, rangi ya kawaida ya hadubini ya fluoresensi, hushika ukuta wa seli wenye nta. Ukuta huo hubaki hata kimelea kinapokufa. Hivyo kilicho hai na kilichokufa hung'aa sawasawa.

Fluoresini daiasetati hufanya kazi kwa namna nyingine. Yenyewe haing'ai. Inapopenya ndani ya kimelea hai, vimeng'enya huivunja, na fluoresini inayopatikana hung'aa kijani chini ya mwanga wa buluu. Kimelea mfu, ambacho vimeng'enya vyake vimekoma kufanya kazi, hakionekani. Kwa hiyo sampuli haipitishwi motoni kabla ya kutiwa rangi, kwani joto huua. Na kwa kuwa bado inaambukiza, hushughulikiwa ndani ya kabati la usalama.

Vimelea hai vikionekana, mhudumu achunguze umezaji wa dawa na aagize kipimo cha usugu. Uthibitisho hutokana na kuotesha vimelea, kazi ya wiki 2 hadi 8. Visipoonekana, hiyo ni dalili njema, wala si ruhusa ya kuacha dawa. Mgonjwa naye asikate tamaa kwa neno "chanya": aulize limetokana na kipimo gani, kisha aendelee na dozi hadi mwisho.