SOMO LA BIASHARA: MFUKO NA KARATASI VISEME NENO MOJA



Somo la mara hii limetoka kwa swali la mwanafunzi mmoja. Aliuliza mbele ya darasa: « Baba anatulipia masomo na makuta ya koltani. Mu redio banasema mataifa yameifunga koltani ya Rubaya. Sasa baba iko mu zambi? » Darasa lilinyamaza, kwani wengi wetu tunasoma kwa makuta ya namna hiyo. Tulimwahidi jibu. Tuanze na sheria, kisha tutafika kwa baba.

1. VIKWAZO NI KITU GANI?

Vikwazo ni azabu ambayo mataifa yanamwekea mtu, kundi ao kampuni pasipo kumpiga vita. Juu ya Congo yetu, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianza mwaka 2003 kwa kukataza silaha zisiingie kwa makundi ya Kivu na Ituri. Mwaka 2004 liliweka kamati pamoja na wachunguzi. Mwaka 2005 likaanza kufunga mali na safari za watu walioandikwa katika orodha. Mwezi wa Desemba 2008 likaongeza neno: hata anayesaidia makundi ya silaha kwa njia ya magendo ya madini anaweza kuandikwa.

Angalieni vizuri. Hakuna palipoandikwa kwamba madini yote ya Congo ni marufuku. Sheria ya Marekani ya Julai 2010, inayoitwa Dodd-Frank, haikukataza kununua. Iliyaamuru makampuni yachunguze na kutangaza kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao inatoka Congo ao kwa majirani zake. Lakini wanunuzi wengi waliogopa, wakakimbilia pengine. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila naye alisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Wazazi wetu wanakumbuka: shimo likifungwa, hata mama muuza mihogo anafungiwa.

2. KWA NINI MNUNUZI ANAOGOPA? MFANO WA BISIE

Tuchukue Bisie, kule Walikale. Kuanzia mwaka 2002 watu walimiminika huko kuchimba kasiterite, jiwe linalotoa bati. Wabebaji walivuka msitu na mizigo ya kilo 50 mgongoni mpaka Njingala. Kutoka huko mzigo ulifika Kilambo, mahali ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe, halafu Goma. Kwa miaka mingi wenye bunduki walitoza kwenye mashimo na kwenye bariere.

Mzigo ulipofika Goma, nani angejua mfuko upi umemlisha mwenye bunduki na upi haukumlisha? Mawe yanafanana. Ndiyo sababu mifuko yote ilitiliwa shaka, ya mwema na ya mwovu.

3. MFANYABIASHARA AFANYE NINI?

Mwaka 2011 shirika la OCDE lilikubali mwongozo wa uangalifu wenye hatua tano, na Umoja wa Mataifa nao ulihimiza uangalifu huo. Tuzieleze kwa lugha ya kwetu.

a) Panga nyumba yako. Weka mtu mmoja wa kujibu juu ya jambo hili na kitabu cha kuandika kila mfuko: shimo, tarehe, kilo, muuzaji, njia uliyopita.

b) Tafuta hatari. Soma orodha za vikwazo, uliza jina la mwenye kooperative na mwenye kontuari. Uliza nani anasimama kwenye bariere na anatoza nini.

c) Ukiiona hatari, fanya kitu. Kama muuzaji anasaidia kundi la silaha, acha kununua mara moja. Kama ni kosa dogo linaloweza kutengenezwa, mpe muda na umfuate.

d) Kubali mgeni akague, hasa kwenye viwanda vya kuyeyusha, kwani hapo mifuko ya mahali pengi inachanganyika.

e) Tangaza kila mwaka uliyoyafanya.

Kwetu sisi kuna tena etiketi. Katika mpango wa iTSCi, mfuko unafungwa etiketi yenye namba kwenye shimo, kisha nyingine kwa mnunuzi. Lakini etiketi ni plastiki tu, haina macho. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti ikisema madini ya mashimo yasiyoruhusiwa yalipitishwa kwa etiketi hizo. Wenye mpango walikana.

Karani mwema anapiga hesabu. Tuseme shimo linatoa mifuko 10 kwa juma, na kitabu kinaonyesha etiketi 30. Mifuko 20 imetoka wapi? Hesabu hiyo ya darasa la tatu inaweza kuokoa kontuari. Mei 2012 serikali yetu ilisimamisha makontuari mawili ya Goma kwa kukosa uangalifu.

4. PALE AMBAPO KARATASI HAISAIDII

Serikali inapanga mashimo kwa rangi: kijani, manjano, nyekundu. Kundi la M23 liliingia Rubaya mwisho wa Aprili 2024. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka huo kwamba lilipata karibu dola 800.000 kwa mwezi kwa kutoza koltani. Februari 2025 waziri wa madini aliweka mashimo mengi ya Masisi katika nyekundu. Agosti 2025 Marekani iliwawekea vikwazo kundi la PARECO-FF, lililotawala mashimo ya Rubaya kabla ya hapo, kooperative moja, na makampuni mawili ya Hong Kong. Mnaona: azabu ilitoka shimoni ikavuka bahari.

Katika nyekundu, hakuna karatasi ya kusafisha mfuko. Kufuata sheria ni kusema: « Hapana, sinunui. » Neno hilo ni zito, kwani nyuma yake kuna watoto wenye njaa. Hatutaki kulifanya jepesi.

5. JIBU LETU

Sasa tufike kwa baba. Tukisoma orodha hizo tunakuta wakubwa wa makundi, maofisa, wafanyabiashara na makampuni. Hatukuti mchimbaji mwenye sururu anayetozwa mbele ya bunduki. Ndugu, usimhukumu baba yako, umheshimu.

Lakini wewe na sisi tunasoma biashara. Kesho ni sisi tutashika kalamu kwenye kontuari. Siku moja tajiri atasema: « Andika tu Walikale, nani atajua? » Mithali inafundisha juu ya mizani ya udanganyifu, kitabu cha udanganyifu ni ndugu yake. Ukiandika uongo, unamlisha mwenye bunduki, na tena unamwaribia mchimbaji wa shimo la kijani, kwa kuwa kesho mfuko wake hautasadikiwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya kukataza madini na kumwekea mtu vikwazo.
2. Kwa nini etiketi peke yake haitoshi?
3. Shimo linatoa kilo 400 kwa juma; kitabu kinaonyesha kilo 1.000. Ungemwambia tajiri wako nini, na ungefanya nini akikasirika?