SOMO LA ROBO HII: Barua Taka Zitengwe, Zisifutwe



Ofisi ya usharika iliyo Kariakoo inaweza kupokea kwa siku moja profoma ya mabati kutoka duka la Mtaa wa Msimbazi, swali la mfadhili kuhusu ripoti, na kati yake habari za ushindi wa bahati nasibu ambayo hakuna aliyeicheza. Hiyo ya mwisho ndiyo barua taka. Tujifunze jinsi inavyotengwa, na kwa nini kamati imteue mtu wa kukagua.

Seva hufanyaje?

Seva ni kompyuta inayopokea barua pepe zote kabla hazijafika ofisini. Ndani yake huwekwa programu ya kuchuja. Mojawapo ni SpamAssassin, iliyotolewa mwaka 2001. Huipa kila barua pointi kwa kuangalia anwani, maneno na viungo vya tovuti vilivyomo. Kwa mpangilio wake wa awali, barua ikifikisha pointi 5 hupigwa alama ya taka. Kisha kanuni nyingine ndani ya seva huisoma alama hiyo na kuipeleka barua kwenye folda inayoandikwa Junk au Spam.

Kwa nini isifutwe papo hapo?

Kwa sababu chujio hukisia. Muuza nyanya huziweka kando zenye shaka, kisha huzigeuza moja moja; nyingine zina vumbi tu. Profoma iliyotumwa kama picha tupu, bila salamu wala maelezo, inaweza kufanana na taka. Hata barua ya mfadhili anayetaka maelezo kabla ya kutoa awamu ya pili ya fedha inaweza kuangukia humo. Ikifutwa, atadhani tumenyamaza, na kisima kitaishia nusu.

Mambo ya kufanya

1. Katibu aifungue folda hiyo kila wiki. Gmail, kwa mfano, hufuta barua taka baada ya siku 30.

2. Wanaopakua barua kwa njia ya POP3 hawaioni folda hiyo. Huletewa barua za kikasha kikuu tu. Mwombeni fundi awawekee IMAP.

3. Barua halali ikikutwa humo irudishwe kwenye kikasha, na fundi aitumie kulifundisha chujio. Sehemu ya SpamAssassin inayojifunza huhitaji mifano 200 ya taka na 200 ya barua halali kabla ya kuanza kazi. Barua zetu za Kiswahili ziwemo kati ya hizo halali.

4. Chujio halikamati kila kitu. Barua inayotaja akaunti mpya ya benki ithibitishwe kwa simu, kwa namba mliyokuwa nayo tangu awali.

Ndugu wafadhili, nanyi kagueni folda zenu. Ripoti mnayoisubiri huenda imelala humo.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Nani anakagua folda ya taka, na siku gani?
- Akisafiri, nani anashika nafasi yake?