Wi-Fi Imepotea Baada ya Kuboresha Kipakatalishi? Tafuta Draiva Kabla ya Kufomati

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliotumika tangu mwaka wa 2015. Wenye vipakatalishi wengi wamelazimika kufikiria kuhamia Windows 11. Somo la toleo hili linawahusu wakazi wa Usenge na Kaunti nzima ya Siaya wanaotegemea mashine hizi kwa kazi: makatibu wa vyama vya akiba, wanaoweka rekodi za samaki ufuoni, walimu, wenye saiba na wanafunzi.

Chukua mfano huu. Katibu wa chama cha wanawake wauza omena ana kipakatalishi alichokinunua kikiwa kimetumika. Ndani yake mna michango ya wanachama, mikopo na malipo ya miaka mitatu. Jioni moja anaboresha mfumo. Asubuhi mashine inawaka vizuri, lakini alama ya Wi-Fi haipo, spika ni kimya na printa imekataa kazi. Anaipeleka kutengenezwa na kuambiwa, "Mama, kadi ya Wi-Fi imeungua. Tununue nyingine, halafu tufomati ianze upya."

Akikubali, rekodi za chama zinafutika. Huenda pia kesho yake Wi-Fi ikawa bado haifanyi kazi, kwa sababu kilichokosekana si kadi. Ni draiva. Kifaa kilichokuwa kikifanya kazi jana na kikanyamaza mara tu baada ya kuboresha mfumo, mara nyingi hakijaharibika.

Majina ya sehemu za skrini tumeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye mashine nyingi, ili uyatambue utakapoyaona.

DRAIVA NI NINI?

Draiva ni programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuzungumza na kifaa kimoja cha mashine: kadi ya Wi-Fi, spika, kamera, skrini au printa. Neno lenyewe ni lilelile la Kiingereza lililotupatia "dereva". Fikiria boti iliyo ufuoni, injini yake nzima na mafuta yamejaa, lakini hakuna nahodha. Haitaondoka. Hata hivyo, hakuna mvuvi atakayeitupa injini hiyo ziwani kwa sababu nahodha hajafika.

Windows mpya huja na draiva nyingi ndani yake, ila si za kila kifaa. Ile ya zamani ikikataliwa na mpya isipopatikana, kifaa hunyamaza.

Tatizo hili huzikumba zaidi mashine kuukuu. Draiva hutengenezwa na kampuni iliyotengeneza kifaa, na baada ya miaka kadhaa kampuni huacha kuandika mpya kwa ajili ya mashine za zamani. Kwa mashine zenye prosesa ya Intel, Windows 11 kwa kawaida hukubali kuanzia kizazi cha 8. Kizazi hicho unaweza kukisoma kwenye jina la prosesa. Core i5-8350U ni ya kizazi cha 8, lakini Core i5-6300U ni ya kizazi cha 6. Vipo vipakatalishi vya kizazi cha 6 na chini yake vilivyowekewa Windows 11 kwa kuzunguka masharti. Vinaweza kuwaka, lakini Microsoft haivitambui rasmi, na si ajabu draiva za baadhi ya vifaa vyake zikakosekana.

KABLA YA KUBORESHA

Dakika chache za maandalizi zinaweza kukuokoa siku nzima ya kuhangaika.

1. Nakili faili zako zote muhimu kwenye fleshi au diski ya nje, kisha zifungue kwenye mashine nyingine uhakikishe zinasomeka. Fleshi ambayo hujaijaribu usiihesabu kuwa akiba.

2. Hakikisha mashine inakubaliwa. Microsoft hutoa bure programu iitwayo PC Health Check, ambayo hukwambia kama mashine yako inafaa na, kama haifai, ni kwa sababu gani. Pamoja na prosesa, Windows 11 huhitaji angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu, gigabaiti 64 za hifadhi na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

3. Andika mahali jina kamili la modeli na nambari ya utambulisho ya mashine. Mara nyingi huwa kwenye kibandiko chini ya kipakatalishi. Dell huiita nambari hiyo "Service Tag".

4. Pakua draiva ya Wi-Fi mapema kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine, uiweke kwenye fleshi. Watu wengi hukwama hapa. Wi-Fi ikipotea unahitaji intaneti kupata draiva, na intaneti nayo unaihitajia Wi-Fi hiyohiyo.

5. Angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 na uuandike karatasini. Mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumiwa kuiandaa mashine. Mashine ikiuliza ufunguo huo nawe huna, huwezi kufikia faili zako.

6. Chaji betri ijae na uache chaja ikiwa imechomekwa. Stima ikipotea katikati ya kazi, betri itakuokoa.

BAADA YA KUBORESHA: FUATA HATUA HIZI

Hatua ya 1: Anza na mambo mepesi. Zima na uwashe tena kwa kuchagua "Restart". Hakikisha kitufe chenye picha ya ndege hakijazima mawasiliano yote. Vipakatalishi vingine vina swichi ndogo ya Wi-Fi ubavuni.

Hatua ya 2: Pata intaneti kupitia simu. Huhitaji Wi-Fi kwa hili. Chomeka simu ya Android kwenye kipakatalishi kwa waya wa USB, washa data, kisha kwenye mipangilio ya simu uwashe "USB tethering". Waya uwe unaopitisha data, kwani baadhi ni za kuchaji tu. Kwa kawaida kipakatalishi huipokea simu kama kadi ya mtandao bila kuhitaji draiva nyingine. Nunua bando la kutosha kwanza, kwa maana Windows inaweza kuanza kupakua masasisho mengine pia.

Hatua ya 3: Iache Windows ijitafutie. Fungua "Settings", kisha "Windows Update", ubonyeze "Check for updates". Ikimaliza, ingia "Advanced options" halafu "Optional updates". Mara nyingi draiva zilizokosekana zimeorodheshwa hapo zikisubiri kuchaguliwa. Zichague, zisakinishe, uwashe mashine upya.

Hatua ya 4: Tambua kifaa kinacholalamika. Bonyeza kitufe cha "Start" kwa upande wa kulia wa kipanya, uchague "Device Manager". Kifaa chenye tatizo huwa na alama ya njano. Kisichotambuliwa kabisa huandikwa "Unknown device". Kibonyeze mara mbili usome maelezo. Ukiona "Code 28", maana yake ni kwamba draiva ya kifaa hicho haijasakinishwa.

Kama hujui kifaa hicho ni kipi, nenda kwenye "Details" uchague "Hardware Ids". Utaona herufi VEN zikifuatwa na alama nne. VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_14E4 ni Broadcom na VEN_168C ni Qualcomm Atheros. Andika mstari wote. Unamwonyesha fundi kifaa hasa kinachotafutiwa draiva, naye hana haja ya kubahatisha.

Kifaa kisipoonekana kabisa kwenye orodha hiyo, hata baada ya kuwasha upya, hapo ndipo inafaa kushuku kwamba kimelegea au kimeharibika.

Hatua ya 5: Nenda kwa aliyekitengeneza. Fungua tovuti ya HP, Dell, Lenovo au kampuni nyingine iliyotengeneza mashine yako, ingiza modeli au nambari uliyoiandika, upakue draiva. Anza na ile ya "chipset", ndipo ufuate Wi-Fi, sauti na skrini. Kama hakuna ya Windows 11, jaribu ya Windows 10 ya biti 64. Nyingi hufanya kazi. Za biti 32 hazitafanya kazi, kwa kuwa Windows 11 ni ya biti 64 pekee.

Hatua ya 6: Rudi nyuma ikibidi. Kama kifaa kilikuwa kikifanya kazi hadi draiva mpya ilipoingia, rudi "Device Manager", fungua "Driver", ubonyeze "Roll Back Driver". Mambo yakishindikana kabisa, Windows hukuruhusu kurudi kwenye mfumo wako wa zamani ndani ya siku 10 baada ya kuboresha. Ingia "Settings", "System", "Recovery", kisha "Go back". Katika siku hizo usiifute folda iitwayo Windows.old, kwani ndimo mfumo wa zamani ulimohifadhiwa. Siku 10 zikipita, nafasi hiyo hufungwa, kwa hivyo vijaribu vifaa vyote mapema: Wi-Fi, sauti, kamera, printa na skrini.

KUHUSU PRINTA NA SKRINI

Printa ikikataa, iondoe kwenye orodha ya "Printers & scanners", chomoa waya wake, washa mashine upya, kisha uiunganishe tena. Ikishindikana, pakua draiva kutoka kampuni iliyoitengeneza printa. Tovuti ya kampuni ya kipakatalishi haitakusaidia kwa hilo.

Maandishi yakiwa makubwa kupita kiasi au picha zikikwama, tazama "Display adapters" ndani ya "Device Manager". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", skrini inatumia draiva ya dharura. Weka ile ya Intel, AMD au NVIDIA kulingana na mashine yako.

KAMA MASHINE HAIKUBALI WINDOWS 11

Usikimbilie kuitupa. Microsoft ina mpango wa kuongeza muda wa masasisho ya usalama kwa watumiaji binafsi wa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na nafasi ya kujiunga huonekana kwenye ukurasa wa "Windows Update".

Njia nyingine ni Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, ambayo hutolewa bure. Faida yake ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye fleshi na kuijaribu Wi-Fi, sauti na printa kabla ya kugusa chochote kilicho kwenye diski. Draiva nyingi tayari zimo ndani yake. Baadhi ya kadi za Wi-Fi za Broadcom huhitaji nyongeza. Unganisha simu kwa waya kama tulivyoeleza, kisha ufungue sehemu ya kutafuta draiva za ziada. Kabla ya kuhama, hakikisha pia kwamba programu unazozitegemea kazini zina mbadala kwenye Linux.

TAHADHARI

Epuka programu zinazokutangazia kwamba "draiva 27 zimepitwa na wakati" kisha zikadai pesa ili kuzirekebisha. Draiva halali hutolewa bure na Microsoft au na kampuni iliyotengeneza kifaa. Faili iliyotoka tovuti usiyoijua inaweza kubeba virusi, na draiva huingia ndani kabisa ya mfumo, mahali programu ya kawaida haifiki.

Kumbuka pia kwamba ukimwachia mtu kipakatalishi cha chama, umemwachia majina, nambari za simu na nambari za vitambulisho vya wanachama. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Usiandike nywila kwenye karatasi na kuibandika juu ya mashine. Ikiwezekana, kaa hapo kazi ikifanyika, au ondoa faili hizo kwanza.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Mafundi wetu wengi wanaijua kazi yao, na fundi mzuri hatachukizwa na maswali haya. Yakate uyaweke karibu na mashine:

1. Kifaa hiki kinaonekana kwenye "Device Manager"? Kinaonyesha "Code" gani?
2. Umejaribu draiva ya kampuni iliyotengeneza mashine?
3. Siku 10 za kurudi kwenye mfumo wa zamani zimekwisha?
4. Kama ni lazima kufomati, faili zangu zimenakiliwa wapi, na naweza kuzifungua sasa hivi nikiwa hapa?
5. Kama kadi imeharibika, umeijaribu kwenye mashine nyingine, au umejaribu kadi nyingine kwenye hii?

Swali la nne likikosa jibu, chukua kipakatalishi chako urudi nacho nyumbani. Kadi ya Wi-Fi hununuliwa tena dukani. Rekodi za michango ya wanachama zikifutika bila nakala, hakuna duka litakalokuuzia nyingine.