Faraja ya Mungu Wakati wa Njaa

Soma: 1 Wafalme 17:8–16, 2 Wakorintho 1:3–7

Wazee wa Ugogo waliwaachia watoto wao habari za njaa kuu iitwayo Mtunya. Katika vita vya 1914–1918 majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalitwaa ng'ombe na nafaka, na wanaume wengi wakachukuliwa kuwa wapagazi. Kisha mvua ikakosekana, na ghala zilikuwa tupu. Maelfu wakafa. Katika taabu kama hiyo, faraja ya Mungu ni nini? Tujifunze mambo matatu.

1. Tusimhukumu mwenye taabu. Watu wale waliona njaa kwa sababu chakula chao kilitwaliwa, na mbingu zikafungwa. Mjane wa Sarepta naye hakuwa wa ufalme wa Ahabu, lakini ukame ulimfikia. Basi mwalimu aingiapo nyumba yenye msiba asitafute kosa la wenyewe. Na aketi, alie pamoja nao, ndipo aombe.

2. Faraja hutolewa siku kwa siku. Pipa la mjane halikugeuka kuwa ghala iliyojaa, wala mvua haikunyesha siku ile. Unga haukuisha tu. Sisi twaomba taabu iondoke leo, na Mungu aweza kuiondoa. Lakini mara nyingi hutupa nguvu za kuichukua hata jioni, na kesho hutupa tena.

3. Tulichopokea tukigawe. Paulo afundisha ya kuwa Mungu hutufariji ili sisi nasi tuwafariji wengine. Eliya mwenyewe alikuwa na njaa. Mwenye njaa alitumwa kwa mwenye njaa, na wote wawili wakaishi. Huku Dodoma mvua hutazamiwa tangu Desemba hata Aprili. Ikikatika mapema, uwele hukauka shambani. Mwaka kama huo, sala yetu kwa ajili ya jirani na ifuatwe na kibaba cha nafaka, hata kama chetu ni kidogo. Huenda kibaba hicho ndicho jibu la sala yake.

Maswali ya kuzungumza:
Kwa nini Eliya aliomba mkate wake kwanza, kabla ya mjane na mwanawe kula?
Ni nani katika usharika wako aliye na taabu juma hili, nawe utampelekea nini?