Mtoto wa Pwani Naye Afundishwe Kuogelea

Wazazi wengi wa pwani ya Unguja wakisikia kuna mafunzo ya kuogelea ya bure huuliza: mtoto aliyezaliwa ufukweni afundishwe nini tena? Afundishwe mengi. Kuizoea bahari si kujua kuogelea. Wapo wavuvi wazima wasioweza kuogelea, na kwa watoto wa kike hali ni mbaya zaidi. Kaka zao hujifunza kwa kujirusha kutoka kwenye ngalawa, wao hutumwa kufuata mwani na chaza, mahali ambapo maji hayazidi magoti. Hayazidi, mpaka yanapojaa.

Hapo ndipo pa kuangalia. Maji yakikupwa, hasa siku za bamvua, mtoto huweza kutembea mbali sana. Yakianza kujaa hayaji kwa mbele tu. Hupitia mikondo iliyo nyuma yake, kati yake na nchi kavu, naye akigeuka anakuta njia aliyojia ina kina. Anayemtuma mtoto pwani aijue saa ya maji kujaa, na mtoto naye aijue.

Somo la kwanza ni kuelea chali: masikio ndani ya maji, kidevu juu, tumbo limeinuliwa, pumzi polepole. Mtoto mwoga hukunja kiuno, makalio yakazama, kichwa kikafuata. Mwalimu humwekea kiganja chini ya mgongo mpaka mwenyewe aulegeze mwili. Akiweza kuelea dakika chache, amejipatia muda wa kuokolewa. Mbio na mitindo itakuja baadaye, na isipokuja si neno.

Kwa wanaohofia sitara, jawabu lilishapatikana kaskazini ya Unguja. Mradi wa Panje wa Nungwi umewafundisha wasichana wakiwa na nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima, na wanawake wakiwa miongoni mwa wakufunzi. Wanafunzi wa Skuli ya Msingi Kijini nao wamejifunza kuogelea na kuokoa katika ufukwe wa Muyuni. Kanga na baibui visitumike. Vikilowa hunasa miguu.

Anayezama aghalabu hapigi kelele, maana mdomo wake uko usawa wa maji. Asiyefunzwa asijitose kumfuata, watakufa maji wawili. Apige ukelele, anyooshe upondo, au arushe dumu tupu lililofungwa kamba. Dumu la lita 5 litiwe maji kidogo ili lisipeperushwe na upepo, kisha kifuniko kikazwe.

Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlazeni chali, mumpulizie pumzi 5 mdomoni, kisha mbonyezeni katikati ya kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari. Hata akizinduka, hospitali lazima.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Hao wadogo dawa yao ni mtu mzima wa kuwatazama na mfuniko wa kisima. Anayetambaa huzama hata ndani ya ndoo. Mafunzo yaanze miaka 6. Mwenye kifafa asifichwe nyumbani, ila mwalimu aambiwe kabla mtoto hajaingia majini.